Risasi Ndefu za Kapteni

Kambi ya Askari,
Dar es Salaam
2 Novemba 1953

Shemeji Anselm,

Sikuulizi hali. Nikianza na hali nitajaza ukurasa mzima kwa salaam, na mwishowe nitakosa moyo wa kusema nililokusudia.

Nimeaibika. Si kushindwa kwa kawaida, kwamba mwenzangu kalenga vizuri kuliko mimi. Hilo ningelimeza. Mimi niliyewashinda Wazungu wote pale Tabora mwezi uliopita, askari mweusi wa kwanza kuletwa pwani kushindana nao kwa masafa marefu, nimelala kifudifudi juu ya turubai mbele ya mabwana na mabibi zao, nimepiga yadi mia nane, na nusu ya risasi zangu hazikugusa hata karatasi. Nyingine zilipiga pembeni kabisa. Watu walicheka, shemeji. Mwanzoni walicheka kwa adabu, wakifunika midomo. Baadaye hawakujali.

Bunduki ni ile ile. Risasi ni zile zile ndefu alizoagiza Kapteni Rudge kutoka Ulaya, anazozijaza baruti mwenyewe nyumbani kwake, zile nilizoshindia huko. Upepo ulikuwa mdogo. Mkono wangu haukutetemeka na sikuwa nimekunywa.

Tulipotoka uwanjani Kapteni aliniuliza, "Kule Tabora, nani alikuwa handakini?" Nikamwambia, "Shemeji yangu, Anselm Ngollo, mume wa dada yangu." Alitazama viatu vyake. Hilo halikunipendeza, lakini tangu siku ile na mimi nawaza anachokiwaza yeye.

Wewe ndiye unayekaa handakini chini ya shabaha. Wewe ndiye unayeshusha ubao, ukaliona tundu, ukainua kibao kuonyesha risasi ilikopiga, kisha ukaliziba tundu kwa karatasi na gundi. Mimi niko mbali, sioni kitu ila kibao chako. Kila ninachojua juu ya kulenga kwangu nimekijua kwa mkono wako.

Basi nakuuliza kama ndugu: uliniongezea? Uliinua kibao katikati wakati risasi ilikuwa imekwenda kando, kwa kunipenda, kwa kuwa ulitaka tuwashinde wale watu? Ukisema ndiyo sitakuchukia. Niambie tu, nijue mimi ni nani.

Kapteni amerudi huko kwa treni ya jana. Mimi nimeachwa hapa kulinda ghala la silaha, na bunduki yangu imewekwa humo humo.

Wako,
Tobias Mahona, Koplo

~

Ntalikwa, Tabora
29 Novemba 1953

Kaka Tobias,

Shikamoo yako ninayo, lakini sikupi. Nitaiweka hapa mpaka nione kama unastahili.

Ni mimi Leonia ninayekuandikia, si Anselm, kwa sababu Anselm hakuipata barua yako. Aliyeipata ni Kapteni. Hukujua kwamba kila barua inayokuja kambini hupitia ofisini kwanza? Miaka yote umekaa jeshini hukujua? Karani aliifungua, akasoma "uliniongezea?", akaibeba mbio kwa bwana wake kama aliyeokota dhahabu.

Mume wangu aliitwa akiwa bado na gundi vidoleni. Kapteni alikuwa na karatasi yako mezani. Akamwambia, "Hata shemeji yako anasema umedanganya." Anselm akajibu hajadanganya. Kapteni akasema, "Basi aliandika nini huyu?" Akamsomea kwa sauti mbele ya makarani na mbele ya mpishi aliyekuja kuchukua posho. Anselm akakaa kimya. Unamjua mume wangu; akikasirika ulimi wake hufungwa. Wakasema kimya chake ni kukiri.

Walimtia mahabusu. Nilipompelekea ugali mlinzi aliukata vipande vipande kwa kijiti, akitafuta sijui nini. Alipotolewa aliambiwa kazi hana, na tuhame nyumba ya kambini kabla ya jua kuzama. Vyombo vyangu nimevibeba kichwani mimi na jirani yangu Maua, tukipita sokoni watu wakitazama, wakinong'ona, "Ndiye yule mke wa mwizi wa shabaha." Kumbe shabaha nayo huibwa!

Sasa tuko Ntalikwa kwa baba mkwe, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha mbuzi. Mvua imeanza, nami nalima shamba ambalo si langu.

Babu yetu alitembea kwa miguu kutoka hapa hadi pwani na pembe ya ndovu begani, njia yote ile, akarudi kwa miguu, na hakuna aliyefungwa kwa ajili yake. Wewe umepanda treni, ukapewa na chakula njiani, na kutoka kwenye kiti chako umemfunga mume wangu kwa kalamu.

Mama hajui. Usimwandikie.

Leonia

~

Dar es Salaam
12 Desemba 1953

Dada Leonia,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini ya ukuta wa ghala. Mwenzangu wa zamu akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, bado.

Laiti ningejua kwamba wanafungua barua! Yule karani nitamkuta siku moja. Na Kapteni pia, ingawa sijui mtu kama mimi humkuta vipi mtu kama yeye. Nimemwandikia kwamba niliuliza tu, sikushuhudia lolote. Hajanijibu.

Lakini dada, usinikasirikie ukashindwa kunisikiliza. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Baada ya mashindano niliomba niuone ubao wangu, wakaniruhusu ili nione aibu yangu kwa macho. Yale matundu machache niliyoyapata hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, kama risasi imelala ikapita kwa ubavu. Moja lilikuwa na umbo zima la risasi, ncha na kitako, kama mtu aliyeichora. Katika maisha yangu sijawahi kupiga tundu la namna ile. Kama pale Tabora nilipiga hivyo hivyo, basi Anselm aliyaona, na kama aliyaona, kwa nini alikuwa ananiinulia kibao cha katikati?

Mwambie anijibu mwenyewe. Siwezi kubishana na mtu aliyenyamaza.

Shilingi nilizotia ndani ya bahasha ni za chumvi na sabuni.

Kaka yako,
Tobias

~

Ntalikwa
20 Januari 1954

Bwana Tobias Mahona,

Umetaka nikujibu mwenyewe. Nakujibu.

Sitakuita shemeji leo. Shemeji ni mtu ambaye hata akisikia neno baya juu yako hulitema kwanza, ndipo huuliza. Wewe ulilitafuna, ukaliandika, ukalitia stempu.

Mimi nimekaa ndani ya lile handaki tangu vita viishe. Risasi zinapita juu ya kichwa changu zikilia kama mjeledi, mchanga unaniingia shingoni, na kazi yangu ni moja: kusema kweli. Tundu likiwa hapa, nasema hapa. Siku moja Kapteni mwenyewe alikosa ubao mzima mbele ya wageni wake, nikapunga kibendera chekundu cha kukosa, na akanitukana mpaka jioni. Sikumwongezea yeye aliyekuwa na mshahara wangu mkononi, nije nikuongezee wewe? Kwa mapenzi gani? Nilipoposa kwenu nilibaki na deni la utani, lakini si la uwongo.

Sasa na mimi nakuuliza, na nitaiacha bahasha hii wazi ili karani asipate tabu. Walikupa nini? Maana mtu hashindi Tabora akashindwa Dar es Salaam kwa bunduki moja na risasi moja na mkono mmoja ila ametaka kushindwa. Labda walikuambia Mzungu fulani lazima ashinde. Labda walikuahidi ukoplo uwe usajini. Sema tu. Ukisema ndiyo sitakuchukia. Unaona lilivyo tamu neno hilo likiwa linasemwa kwako?

Na usimlishe mke wangu hadithi ya matundu marefu, kana kwamba umegundua kitu. Matundu marefu nimeyaona hapa hapa, Julai ya mwaka jana, Kapteni alipoanza kuzijaribu hizo risasi zake kwa bunduki yako wakati wewe uko likizo. Alikuwa akija asubuhi, kipupwe kimekaza, nami nimejifunika blanketi handakini. Matundu yalikuwa marefu kama punje ya maharage, na mengine hayakuonekana kabisa. Nilimwonyesha. Akasema bunduki bado baridi, ziba. Mchana jua likiwaka alirudi, na matundu yakawa ya duara, mazuri, karibu karibu. Na yako ya Oktoba yalikuwa ya duara yote. Niliyaziba kwa vidole hivi.

Shilingi zako zimo ndani. Chumvi tunayo.

Anselm Ngollo

~

Dar es Salaam
18 Februari 1954

Anselm,

Nitukane utakavyo, lakini kwanza chukua karatasi nyingine usome ninayokuandikia, maana wewe mwenyewe umelisema jambo na hukujisikia ukilisema.

Asubuhi ya baridi, marefu. Mchana wa jua, ya duara. Bunduki ile ile, risasi zile zile, na mimi sikuwepo hata kidogo! Niliposoma hapo nilipiga kelele.

Humu ghalani tuna fundi wa bunduki, mtu wa Bagamoyo anaitwa Abbasi. Nilimsomea barua yako, ile sehemu ya matundu tu, matusi niliyaruka. Akaitoa bunduki yangu. Akafunga kitambaa kigumu kwenye fimbo ya kusafishia mtutu, akatia alama ya chaki kwenye fimbo, akaanza kuisukuma polepole ndani ya mtutu. Unajua ndani ya mtutu kuna mifuo iliyokatwa kwa kuzunguka, kama uzi wa parafujo uliovutwa ukawa mrefu. Kitambaa kinaifuata ile mifuo, na fimbo inageuka. Tukaitazama ile chaki. Fimbo ilikuwa karibu kuzama yote, na chaki haijamaliza hata mzunguko mmoja.

Fundi akasema, "Mtutu huu wa zamani unazungusha taratibu. Ulitengenezwa kwa risasi fupi." Kisha akaichukua moja ya risasi za Kapteni, akaisimamisha mezani kando ya risasi ya kawaida. Ya Kapteni ilikuwa ndefu karibu nusu tena. Akanieleza hivi: risasi husimama hewani kwa kuzunguka, kama pia ya watoto inavyosimama chini. Hewa ya mbele huisukuma ncha ipinduke, na kule kuzunguka ndiko kunakoikatalia. Risasi ikiwa ndefu, hewa hupata pa kuishika zaidi, basi hutaka izunguke kwa kasi zaidi. Mtutu wangu hauwezi kuipa kasi hiyo. Huipa ile ya kutosha kwa shida tu, kama mtu anayesimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa shimo.

Nikamwuliza, mbona Tabora zilisimama? Akasema, "Tabora ni juu. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Huku pwani hewa ni nzito. Iliisukuma zaidi kidogo tu kuliko ya kwenu, ikapinduka." Na baridi ya Julai nayo huifanya hewa kuwa nzito, hata huko huko kwenu.

Kwa hiyo hukudanganya, na mimi sikuuza kitu. Aliyekosea ni Kapteni na risasi zake za fahari! Nimemwandikia yote haya kwa heshima, na fundi ametia sahihi. Tumeupata ukweli, shemeji. Nafurahi sana.

Tobias

~

Ntalikwa
14 Machi 1954

Tobias,

Unafurahi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali pamoja tu. Kuna pia, kuna chaki, kuna fundi wa Bagamoyo. Hakuna mahali umeandika, "Anselm, nilikukosea." Umeandika "hukudanganya", kama hakimu. Mimi nilijua sikudanganya kabla fundi wako hajasukuma kitambaa chake. Nilikuwa nimetaka wewe ulijue bila fimbo.

Ngoja nikueleze furaha imefikaje huku. Kapteni aliniita. Nilivaa shati nikaenda, nikidhani ni heri. Alikuwa na barua yako. Akasema risasi zile ni bora kuliko zote duniani, zimeandikwa hivyo kwenye boksi, na kwamba mimi na wewe na fundi wa ghala tumekula njama kumharibia jina. Akasema nikikanyaga tena kambini nitashtakiwa. Basi. Nikarudi kwa miguu, mvua ikininyeshea, na shati lile lilikuwa la pekee.

Barua haziwezi kumshinda. Yeye ana karani, sisi hatuna. Nimekaa nikafikiri, na ninakuambia la kufanya, si kwa kukusamehe bali kwa sababu jina ni langu.

Kanali mkubwa huja Tabora kukagua kikosi kila Julai. Mwombe yeye. Usimwombe mashindano, na usimweleze habari za hewa, atasinzia. Mwombe upige mara mbili kwa siku moja. Mara ya kwanza alfajiri, kipupwe kikiwa kimekaza. Mara ya pili jua la saa nane. Bunduki hiyo, risasi hizo za Kapteni, zitoke boksi moja. Handakini aingie mtu wa Kanali mwenyewe, na mbao zote mbili zisizibwe hata tundu moja, ziletwe mbele za watu. Mimi nisimamishwe pale wanapoweza kuniona, mikono yangu ikiwa wazi.

Kama nilidanganya, utapiga vibaya asubuhi na vibaya mchana. Kama sikudanganya, asubuhi watakucheka tena. Utavumilia kuchekwa? Hilo ndilo ninalokuuliza sasa.

A. Ngollo

~

Ntalikwa
27 Juni 1954

Kaka,

Tumesikia Kanali amekubali. Abdi wa stesheni ndiye aliyetuletea habari, mji mzima unajua. Wanasema uliambiwa kwamba ukishindwa utavuliwa ukoplo, nawe ukasema ndiyo mbele ya watu. Vema. Angalau safari hii unaweka cha kwako.

Anselm halali vizuri. Hasemi, lakini anaamka kabla ya jogoo, anatoka nje, anapuliza pumzi aone kama inatoa moshi. Baridi ikiwa kali anarudi ndani ana furaha, ikiwa kidogo ananuna kutwa. Nimeolewa na mtu anayeombea baridi.

Nimekataa kwenda kutazama. Wanawake hawaruhusiwi uwanjani, lakini hata wangeruhusu nisingekwenda. Nimeshamwona mume wangu akitazamwa na watu mara moja, yatosha.

Njoo. Ila kwangu hutalala. Sina ugomvi na wewe kuhusu kitanda, kitanda kipo. Nina ugomvi na wewe kuhusu barua ile. Utalala kambini na wenzio. Nitakuletea chakula getini kwa sababu mama alituzaa wote.

Leonia

~

Dar es Salaam
30 Julai 1954

Dada yangu Leonia,

Ulinikabidhi sufuria getini ukageuka bila kusubiri niilambe. Kwa hiyo hukusikia kutoka kwangu, na namjua Anselm, wewe hukusikia kutoka kwake pia. Wacha nikueleze, maana una haki kuliko wote.

Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Majani yalikuwa meupe kwa umande. Anselm alikuja amevaa lile shati, wakamsimamisha nyuma yangu hatua chache, kando ya Kanali, mikono ameiweka mbele kama aliye kanisani. Hakunisalimu. Handakini akaingia sajini wa Kanali, mtu wa Nyasa, hajui yeyote kati yetu.

Nikalala nikapiga. Risasi ya kwanza, kibendera chekundu. Ya pili, chekundu. Kapteni akaguna kwa kicheko. Ya tatu pembeni kabisa. Dada, nilijua itakuwa hivyo, nilikuwa nimeiombea iwe hivyo, na bado uso uliniwaka moto. Nilisikia askari wadogo, Kornel na wenzake niliowafundisha mimi, wakicheka nyuma. Nilipomaliza Kapteni akamwambia Kanali, "Nadhani imetosha, bwana." Kanali akasema, "Saa nane bado."

Ubao ukaletwa. Matundu machache, yote marefu. Kanali akatia kidole chake katika moja, akakigeuza.

Kutwa nzima sikula. Saa nane ardhi ilikuwa inachemka, huwezi kukaa juu ya jiwe. Nikalala tena pale pale. Risasi zikatolewa kwenye boksi lile lile na Kanali mwenyewe. Nikapiga ya kwanza. Kibao kikapanda katikati. Ya pili, katikati. Ya tatu ikagusa ukingo wa weusi. Nikaendelea mpaka mwisho, na kibendera chekundu hakikuonekana. Ubao ulipoletwa ungeweza kuyafunika karibu matundu yote kwa kawa ndogo, na yote yalikuwa ya duara.

Hakuna aliyecheka. Kanali akamwambia Kapteni kwa Kiingereza maneno machache, na shingo ya Kapteni ikawa nyekundu mpaka kwenye kola. Kisha Kapteni akaja kwangu akanipa mkono. Akasema, "Hongera, Mahona. Mwaka huu tutakupa risasi fupi, utatuletea kombe kutoka Dar es Salaam. Jambo limekwisha."

Anselm alikuwa amesimama hapo hapo. Kapteni alimpita kama anavyopitwa mti.

Nikasema, "Bwana, bado. Sema jina la Anselm Ngollo. Ulimsomea barua yangu mbele ya watu, sasa sema mbele ya watu kwamba hakudanganya." Akaniambia hiyo si kazi ya koplo. Nikamtazama Kanali, akawa anafunga saa yake. Nikailaza bunduki chini, Leonia, mavumbini, kitu ambacho askari hafanyi. Nikasema, "Basi na mimi sitawapigia tena shabaha." Utepe wa ukoplo walinivua jioni ile ile. Kwa utovu wa nidhamu, wameandika, si kwa kushindwa.

Nilimtafuta Anselm. Alikwisha kuondoka kwa kupitia upande wa reli. Nilimwita. Aligeuka mara moja, akanitazama, akaendelea kwenda. Treni yangu ilikuwa usiku ule na sikupewa ruhusa kutoka tena.

Mwambie nilimkosea. Nilipaswa kuandika hivyo mwezi wa pili nilipokuwa na furaha ya kijinga. Nilimkosea kabla ya yote hayo, siku niliyoshika kalamu. Hewa haikuniandikisha ile barua.

Tobias

~

Ntalikwa
22 Agosti 1954

Tobias,

Leonia amenisomea barua yako, kisha ameniwekea mezani niisome mwenyewe, kisha amekaa mbele yangu akamenya karanga mpaka nichukue kalamu. Ndiyo sababu unaniona hapa.

Wiki iliyopita kambini walituma mtu kuniita. Nilikwenda na nguo za shamba, bila shati lile. Karani, yule yule, akaniambia kazi yangu ipo, nianze Jumatatu, na nyumba nitapewa. Nikauliza, Kapteni yuko wapi? Akasema ana shughuli. Nikasema, naitaka kazi hiyo, lakini kwanza Kapteni atoke hapa barazani aseme maneno mawili, "Anselm hakudanganya," na awepo mpishi na wawepo makarani, kama walivyokuwepo siku ile. Karani akaingia ndani. Nikamsikia Kapteni akicheka. Karani akatoka akasema, "Bwana anasema uache ujinga." Nikamwambia asante. Nikarudi nyumbani.

Mke wangu alinililia kwa hasira usiku mmoja kwa sababu ya nyumba ile, na ana haki. Kuna Mgiriki wa tumbaku upande wa Urambo anataka mtu wa kuangalia mabanda ya kukaushia. Nimekwenda kumwona. Nitaanza mwezi ujao. Hakuna aliyeniuliza habari za shabaha.

Kuhusu kuilaza bunduki mavumbini kwa ajili yangu: nilikuona. Uliniita, nikageuka, nikaona ule utepe wako unaning'inia kwa uzi mmoja, tayari wamekwisha kuanza kuukata. Ningerudi. Miguu ilikataa. Nilikuwa na hasira mno, na sikutaka watu wale waone ninakulilia wewe au ninakupiga, maana sikujua nitafanya lipi.

Bado ninayo hasira. Sitakudanganya, kudanganya si kazi yangu. Nikiwa nakausha karanga, ghafla naisikia sauti ya Kapteni ikisoma "uliniongezea?" na mpishi akikohoa. Kuomba radhi kwako nimekusoma, na ni kuzuri, lakini kumekuja kwa njia ile ile lilipopita lile jambo. Kwa bahasha. Kumeelekezwa kwa mke wangu, na mimi nimewekewa salaam mwishoni.

Kama ungeniuliza lile swali ana kwa ana, ningekupiga kofi, ungenirudishia, Leonia angetumwagia maji, na yangekwisha kabla ya chakula cha usiku.

Basi usiniandikie tena. Omba likizo yako, panda treni, shuka Tabora uje mpaka hapa mlangoni unitazame usoni useme. Sijui nitakujibu nini.

Anselm